Nilimlazimisha Mwanafunzi Wangu Kusoma Siri ya Bibi Yake

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwenye ukurasa huu nimemwomba anifiche jina, nami nimeyabadili majina ya wote nitakaowataja. Mimi ni mzee wa miaka sabini na minne, mgane, mkazi wa Temeke, mwalimu mstaafu wa somo la historia. Nilisomeshwa chuoni, yaani madrasa, kabla ya kusomeshwa shuleni, na hadi leo husomesha watoto Kurani baada ya sala ya alasiri. Nayaeleza haya mpate kuelewa kwamba nililolitenda sikulitenda kwa kutojua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, siku zile mitumba na mabanda ya video vilipoingia kila mtaa. Nilikuwa nafundisha kidato cha pili katika shule moja ya sekondari huku kwetu. Darasa zima lilikuwa na vitabu viwili. Nikiandika ubaoni habari za misafara ya biashara, nusu ya wanafunzi wamelala, nusu wanasimuliana sinema ya jana. Siku moja kijana mmoja, Juma, akaniambia mbele ya wenzake, "Mwalimu, hao unaotusomea wote wameshakufa. Sie tuko hai." Darasa likacheka. Nami nilicheka, lakini maneno yale yalinichoma kwa kuwa yalikuwa na ukweli.

Ndipo nikabuni njia. Niliagiza kila mmoja amuulize mzee wa kwao kisa kimoja cha zamani, akiandike, nasi tukisome darasani siku ya Ijumaa. Ndugu zangu, darasa lilifufuka. Mmoja alileta habari za babu yake aliyekuwa mpishi wa askari wa Kijerumani. Mwingine alisimulia jinsi bibi yake alivyotembea kwa miguu kutoka bara akiwa na mtoto mgongoni. Wakawa wanagombea zamu ya kusoma. Walimu wenzangu walikuja kuchungulia dirishani. Kuna ulevi unaompata hata mtu asiyegusa pombe, nami nilikuwa nimeshalewa.

Zuhura alikuwa binti mtulivu, wa familia inayohesabiwa miongoni mwa wenyeji wa mtaa. Bibi yake mzaa baba ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake, na hitima ya wanawake haikuanza mpaka yeye akae. Zamu ya Zuhura ilipofika, alikuja hadi mezani kwangu, akanipa daftari kwa mikono miwili na kuninong'oneza, "Mwalimu, bibi anakusalimu. Amesema hiki usome wewe peke yako, maana wewe ni mtu wa dini."

Nililifungua. Mistari michache ilitosha. Mama mzazi wa bibi yule aliletwa pwani akiwa mtoto, amefungwa kamba, akanunuliwa na ukoo uleule ambao watoto na wajukuu wa bibi leo wanajinasibu nao. Bibi hakuwa amewaambia hata wanawe. Nami, Mola anisamehe, sikuona uchungu wa mtu, niliona somo. Wiki ile nilikuwa nafundisha biashara ya utumwa.

Nikamrudishia daftari. "Soma kwa sauti, mwanangu. Historia haina aibu."

"Mwalimu, lakini bibi amesema..."

"Soma."

Akasoma. Alipomaliza, Juma akaniwahi kusema: "Kumbe! Na mnavyojidai waungwana pale mtaani! Haya, mjakazi, kamletee mwalimu maji." Wakacheka huku wakipiga madawati. Niliwanyamazisha, lakini kwa sauti ya mtu aliyefurahi. Kisha nikatenda jambo la pili, ambalo sijawahi kulikiri popote: kipindi kilichofuata nilimchukua Zuhura akasome tena katika mkondo wa pili.

Haikufika Jumatatu, mtaa ukawa unajua. Ulipotokea msiba, wafiwa walimwita mwoshaji mwingine. Bibi alikuwa ameshafika na kanga yake ya kazi. Akakaa mkekani kidogo, akaondoka, na hakwenda tena msiba wa mtu. Baba mkubwa wa Zuhura akatangaza kwamba binti yule ameitoa siri ya bibi yake kwa kutaka sifa. Nilingoja waje shuleni waniulize. Hawakuja. Wanafunzi walikuwa wameeneza siri ile, si amri yangu. Mtoto yule hakunitaja. Lawama yote aliibeba mwenyewe. Akaacha shule. Mwaka uliofuata bibi alifariki, na Zuhura alizuiwa kuingia chumbani kumuaga. Mimi nilisimama safu ya mbele tukimsalia.

Mwezi uliopita nilimtafuta, nikamkuta Mwenge akishona nguo. Aliinuka kwenye cherehani. "Shikamoo mwalimu." Badala ya kuitikia, nikamwomba radhi, nikamwambia nitakwenda Bunju kwa baba yake mkubwa, ambaye sasa ni mgonjwa wa kitandani, nimweleze kwamba mkosaji ni mimi.

"Mwalimu, mie nimeshakusamehe," akasema. "Ila Bunju usiende. Wajukuu zake hawajui kitu, na pale kitandani hawabanduki. Ukienda kunisafisha mie, utakuwa umewasomea na wao."

"Na akifa bila kujua?"

"Atakufa. Mie nimeshazoea." Akaketi, akaendelea kushona.

Ndugu zangu, nimefundishwa kwamba haki ya mja hairudi kwa toba peke yake, sharti irudishwe kwa mwenyewe. Zuhura ana haki ya kusafishwa jina, lakini yeye mwenyewe ananizuia. Nikienda, nitawavunjia heshima watoto wasio na hatia. Nisipokwenda, mzee yule ataingia kaburini akiwa na kinyongo na binti wa ndugu yake kwa dhambi yangu mimi. Usingizi umenihama. Nyinyi mliosoma dini, na nyinyi mliowahi kusingiziwa mkanyamaza, naomba rai yenu: niende, au nimtii? Msikawie kunijibu, maana jana nimeambiwa mgonjwa ameacha kula.