Mashua Iliyokula Kitanda cha Wageni

Nimechoka kujitetea, acha niseme. Nilikuwa naunda mashua ya mbao sebuleni kwangu Kayole, mfano wa zile ndefu nyembamba zinazopita kwenye mifereji. Mbao ziliponiishia, nikaanza kuchomoa za kitanda cha wageni, zile zinazoshikilia godoro. Moja leo, nyingine kesho. Kwani nani hulala pale? Mke wangu Nafula alipouliza mbao zinatoka wapi, nikamwambia nimepewa na fundi wa Njiru.

Jumamosi mamake akaja kutoka Bungoma kutibiwa macho. Kwetu mama mkwe haguswi, hata mkono hatupeani. Nilimsalimia kwa mbali, macho chini, naye akaingia chumbani kupumzika.

Nikasikia kishindo.

Nilichungulia mlangoni nikamkuta amezama katikati ya kitanda, miguu juu, nami siwezi kumshika. Nikabaki kumwita Nafula, aliyekuwa juu ya paa la ghorofa akianika nguo. Alikuja mbio, akamwinua mamake, akainua na godoro. Mbao zilikuwa zimebaki mbili tu.

Mama mkwe aliitazama mashua kule sebuleni, kisha akamwambia bintiye, maana mimi hanisemeshi:

"Nafula, muulize bwanako kama mashua yake inafika Bungoma. Kitanda changu kimeshapanda."