Tofali Lenye Alama ya Kidole Gumba

Nilipokuwa na miaka tisa niliiba kanisani. Leo nasema niliiba. Wakati ule nilijiambia nimeokota tu.

Ilikuwa wakati wa vita. Tulikuwa tumeikimbia nyumba yetu ya kijijini Gatete, tukaishi kambini karibu na kanisa la zamani la matofali mekundu, lililojengwa na mapadri wa kwanza kando ya ziwa. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeanza kubomoka. Mama alikuwa na mafiga mawili ya jiwe. La tatu lilikuwa donge la udongo, na siku moja lilivunjika, maharage yakamwagika yote, tukalala njaa. Kesho yake niliokota tofali moja chini ya ukuta ule. Mama alilitazama, akateleka sufuria bila kuuliza.

Onyo nilikuwa nalijua. Bibi yetu, mzaliwa wa Kivu, ng'ambo ya ziwa, tuliyemwita Koko kama wasemavyo kwao, alikuwa ametuonya mara nyingi: "Tofali ya kanisa hailalaki kwa mutu. Ikilala, mwenye nyumba naye hatalala kwake." Lakini mimi nilikuwa mtoto mbishi, na nadhani bado niko hivyo. Nilijiambia figa si nyumba.

Wiki hiyo baba alipanda mtumbwi kwenda Gitaza kutafuta ndagala, wale dagaa wa ziwani, za kuuza, maana barabara haikupitika. Alisema atalala usiku mmoja tu. Kabla hajarudi, wanajeshi wakaamuru kambi ihame siku ileile, upande wa pili wa mji wa Rumonge, mwendo wa asubuhi nzima. Tulibeba mikeka, sufuria na mafiga yetu. Siku ya nne baba alikuwa hajaonekana, na mama alikuwa akimkodolea macho kila mwanamume aliyepita.

Koko, aliyekuwa akiishi kwa mjomba, alikuja kumliwaza. Aliinama kuchochea moto, mara mkono wake ukasimama. Ubavuni mwa tofali, chini ya masizi, kulikuwa na alama ya kidole gumba. Baba yake Koko ndiye aliyefyatua matofali yale ujanani mwake, alipovuka ziwa kuja kuwafanyia kazi mapadri, na kila moja alilitia kidole kabla halijakauka.

"Nani alileta hii?"

"Ni mimi, Koko."

Nilingoja kofi. Halikuja. Aliliacha tofali lipoe, akalifunga katika kitenge, akanitwika.

"Twende tuirudishe. Baba yako iko anakosa pa kulala."

Nililia njia nzima. Niliamini kabisa kwamba nimemuua baba yangu kwa sababu ya sufuria ya maharage. Koko alitangulia na fimbo yake, hakunibembeleza hata kidogo.

Mlango wa kanisa ulikuwa wazi. Kwenye benchi la nyuma mtu alikuwa amelala, amejifunika gunia la ndagala. Nilimjua kwa miguu yake. Tofali likaniponyoka, likavunjika pembe.

"Papa!"

Baba aliamka, akanikumbatia huku ananuka samaki, nami sikutaka kumwachia.

"Nilikuta kambi iko tupu," alimwambia Koko. "Hakuna mutu wa kuuliza. Nikasema, wakinitafuta watanitafutia wapi? Ni huku tu."

"Ulilala huku siku ngapi?"

"Tatu."

Koko alinitazama. "Tofali ililala kwake, yeye akalala kwa tofali."

Kisha akakanda udongo, akalirudisha ukutani kwa mikono yake mwenyewe, alama ya kidole ikitazama nje.

Sasa mimi ni mtu mzima, na siamini kila nilichoambiwa. Huenda kambi ingehama hata kama nisingegusa kitu. Lakini nyumba yetu ya Gatete ilichomwa, na pale zilipokuwa kambi zote mbili sasa ni michikichi mitupu. Kanisa bado lipo.

Majuzi waumini walikutana kuamua kama libomolewe, lijengwe jipya lenye vigae. Kijana mmoja aliuliza, kwa heshima kabisa, matofali haya ya kale yanatufaa nini. Niliwapeleka nyuma ya kanisa, nikaweka kidole changu juu ya tofali lililovunjika pembe, jeusi ubavuni mpaka leo. Niliwasimulia haya yote. Kisha nikawauliza: siku tukipoteana tena, tutatafutana wapi?