Duara Ndani ya Jani la Mtama

Nilitoka Tunduma na begi moja, nikakaa Mbeya, nikakaa Iringa, nikapita Dodoma, na kila mahali nilidhani nimefika. Singida Mjini nilishuka jioni bila kumjua mtu. Kesho yake bodaboda alinipeleka Ilongero kwa mama mmoja mjane aliyetafuta kibarua wa palizi.

Wiki ya tatu mvua ikakata. Mtama ulikuwa umefika magotini, majani yamejisokota kama sigara. Shemeji yake mama, mwenye maksai, akasema Jumamosi ataupindua wote, ipandwe alizeti.

"Umekufa huo. Unangoja ufufuke?"

Mama hakuwa na mbegu nyingine ya chakula. Alizeti ikigoma, watoto wake wangekula nini?

Mimi niliona jambo moja: alfajiri majani yale yalikuwa yanafunguka. Nikachuma moja, na moja la alizeti ya jirani, nikampelekea mwalimu wa baiolojia wa shule ya kata. Aliyakata membamba kwa wembe, akaniinamisha kwenye hadubini. Kwenye alizeti mishipa ilikaa mbalimbali. Kwenye mtama ilibanana, na kila mmoja umezungukwa na duara la seli nene za kijani, kama zizi.

"Jani la mtama halikuanza hivi," alisema. "Hewa ilipopungukiwa kabonidaioksaidi na jua likazidi, vizazi kwa vizazi mishipa ilisogeleana, seli za pembeni yake zikanenepa, zikajaa ukijani. Sasa seli za nje zinaikamata ile hewa na kuisukuma ndani ya duara. Jani linapika chakula vitundu vyake vikiwa vimefunguka kidogo tu, maji hayapotei sana."

"Kwa hiyo mtama utapona?"

"Sijasema hivyo. Unavumilia. Kuvumilia kuna mwisho."

Jumamosi maksai walikuwa wameshafungwa jembe nilipofika shambani.

"Shikamoo, mzee."

"Toka mbele ya ng'ombe, daktari wa majani."

Nikamweleza mama niliyoyaona na niliyoambiwa, pamoja na ule mwisho. Akamgeukia shemeji yake.

"Shemeji, nipe siku kumi."

"Na ukikosa?"

"Nitakuwa nimekosa mimi."

Siku ya saba majani hayakufunguka hata alfajiri. Nilishindwa kumtazama mama usoni. Siku ya nane alinipakulia ugali kama kawaida. Ya tisa, saa sita mchana, ikanyesha.

Mtama ulirudi, si wote. Upande wenye kichuguu ulikauka kabisa. Uliobaki ulitosha kula. Lakini shemeji alitangaza kwamba maksai wake hawataingia shamba linaloamuliwa na mpita njia.

Mama aliniambia akiwa anapepeta. "Kaka, wewe umenisaidia. Ila mwakani nitalima na nini?"

Usiku nikafunga begi, ili maksai wapate kurudi. Asubuhi nilitembea hadi barabara kubwa. Nimeishi sehemu nyingi tangu hapo, na Ilongero ndiyo pekee niliyotaka kubaki.