Watani wa Bweni Letu

Bwenini kwetu kulikuwa na kelele ambazo ukishazizoea huzisikii tena: ndoo, kengele, milango ya bati. Kelele moja tu sikuizoea. Wasichana wawili walilala kitanda kimoja cha dabodeka jirani na changu. Wa juu alitoka Nanyamba, Mmakonde, mdomo hauna breki. Wa chini alitoka kijiji kilicho mbele ya Madimba, karibu na Ruvuma inapoingia baharini, mpole, na alikwishasema yeye ni Myao. Mmakonde na Myao ni watani, basi tangu kidato cha kwanza yule wa Nanyamba alimfanya mwenzake mali yake. Alikula ugali wake, alivaa kandambili zake, na asubuhi hata salamu haijatoka utasikia: "Amka we Myao, mnalala kama mmelipwa!" Mpole naye anajibu kwa sauti ndogo, "Nenda kachonge kinyago, ndiyo kazi mnayoiweza." Wanacheka wenyewe, sisi usingizi umekatika.

Sikuwapenda, niseme ukweli. Baba yangu alikuwa amehamishiwa bandarini kutoka mikoa ya juu, na nyumbani kwetu mtu hagusi kijiko cha mwenzake bila kuomba. Watani tunao hata sisi, lakini hatuamshani nao alfajiri!

Tulipokuwa kidato cha nne, mtihani wa mwisho unakaribia, mkuu wa shule alikuja mwenyewe bwenini mchana. Alimwita wa chini, akamshika bega, akatoka naye. Mama yake alikuwa amefariki. Mjomba alikwisha kuja kumchukua.

Maziko yalikuwa kesho yake asubuhi, na wachache wetu tulikwenda na matroni kwa gari la shule. Wa Nanyamba alipanda na kifurushi na ufagio wa bweni. Tuliposhuka akakifungua, akavaa gunia juu ya sare, akajifunga kamba kiunoni, akashika ufagio. Matroni, mama mgeni mkoani, akamuuliza kulikoni.

"Mimi mtani, mama. Nikikaa kimya watasema nilimchukia marehemu."

Na ndivyo ilivyo huko. Mtani halii msibani kama wengine. Humkejeli marehemu, huchekesha waliofiwa, halafu huteka maji na kuosha vyombo mpaka mwisho. Matroni aliguna, akamwacha.

Jeneza lilipoanza kutolewa, yule akajilaza kizingitini. "Hatoki mtu hapa! Mchoyo huyu anakwenda na sufuria zote, sisi tupikie wapi? Nipeni changu kwanza!"

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Mwanamke mmoja, dada yake marehemu, akamwinamia.

"Mwanangu, wewe mtani wa nani?"

"Wa kwenu, mama. Mimi Mmakonde."

"Na sisi je? Mama yetu alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, Mmakonde kama wewe. Myao ni mume wa marehemu tu, yule pale amekaa. Na kwetu ukoo hufuata mama, mtoto wao ni wetu. Sasa wewe unamtukana mama yako mlangoni?"

Lo! Aliinuka polepole, akavua lile gunia, akalikunja vizuri kana kwamba ni kanga ya mtu. Aibu ile ilinipata hata mimi nisiyempenda.

Garini matroni alifoka njia nzima. "Umeitia shule aibu mbele ya maiti! Utarudishwa nyumbani, nitalisimamia mwenyewe." Wote tulijua maana yake. Baba wa yule msichana alikwisha kuapa: akirudi kabla ya mtihani, shule basi, atashika jembe kwenye mikorosho.

Mkuu wa shule, mama wa Kimakua asiyependa papara, alisikiliza mpaka mwisho. "Kilio huanza mfiwa," akasema. "Tumsubiri mwenye msiba. Yeye ndiye atakayesema kama ametukanwa."

Tukasubiri. Wa Nanyamba alipanga vitu vyake sandukuni, akalifunga. Hakugusa sahani ya mtu. Asubuhi zikawa kimya, kimya kile kile nilichokuwa nikikiomba miaka yote, na haki ya Mungu nilikichukia.

Mfiwa alirudi Jumapili mchana. Kabla hajaweka mfuko chini, matroni akamuuliza mbele yetu: huyu alikutukana, hakukutukana?

"Hakunitukana, mama."

"Lakini si mtani wako."

"Najua. Nilijua tangu siku ya kwanza aliponiuliza kabila. Nikamtajia la baba."

"Kwa nini umfiche mwenzako?"

"Nilikuwa mgeni, sina mtu. Mtani hangoji kuzoeana. Alinichokoza siku ile ile, na usiku wake nikalala bila kulia. Mama alicheka sana nilipomsimulia. Akaniambia, usimwambie, akijua utamkosa."

Matroni akasema basi, yamekwisha, mtihani ataufanya. Tukapiga makofi kama wajinga.

Wa Nanyamba akashuka kitandani kwake. Nilikuwa nalingoja tusi, mimi mwenyewe, kwa hamu. Akapiga goti, akampokea mfuko kwa mikono miwili, akasema kwa adabu, "Pole, dada. Mama yetu Mungu amrehemu."

Yule mpole, ambaye siku ya maziko hatukuliona chozi lake, akaangua kilio bweni zima likasimama.

"Nitukane," akamwambia. "Jamani, nitukane tu."

Mwenzake akatikisa kichwa, akachukua ndoo, akaenda kumtekea maji ya kuoga.