Miale, Wanaanga na Sufuria ya Mama

Mwaka ambao mamangu alichomwa kichwa kwa miale ili uvimbe usinyae, mimi nilikuwa naandika riwaya kuhusu wanaanga. Bila shaka. Kijana wa Nakuru akitaka kuitwa mwandishi, ataandika juu ya nini tena? Vumbi la kwetu halina hadhi.

Nilisoma sana. Nikajua kwamba mbali na dunia, miale ya anga hupenya fuvu kama mvua ya sindano. Wataalamu huwapiga panya miale ya namna hiyo, na panya husahau, huingiwa na hofu, hushindwa kutofautisha kitu kipya na cha zamani. Je, mwanaanga akifika Mirihi asikumbuke alichofuata? Nililia kurasa nzima. Kisha mama akaniita jikoni kuniuliza tena kama amekunywa chai. Kikombe kilikuwa mkononi mwake.

Nikamweleza habari za wanaanga, ajue ana wenzake.

"Na wao waliugua nini?"

"Hawakuugua. Wanaenda tu."

"Kwa hiari yao?" Akacheka hadi akashika ukuta. "Basi hao waliharibika kabla."

Ikaja harusi ya binamu yangu. Pilau ya harusi kwetu hupikwa na mama, tangu sijazaliwa. Shangazi, dadake baba, kwa ile huruma yake inayojulikana mtaa mzima, akasema, "Wifi, wewe pumzika. Nitapika mimi, ama tuagize nyama choma kwa wale wachomaji wa Kikopey."

"Nitapumzika kaburini. Lete mwiko."

Alichoogopa mama ni chumvi. Akiitia mara mbili, sufuria hiyo hataishika tena. Kuonja hakungemsaidia: tangu ile miale, kinywani mwake kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma cha kijiko. Na kumwomba mwingine aonje ni sawa na kumkabidhi mwiko. Akaninong'oneza, "Ukiniona narudi kwa chumvi, kohoa."

Mwanaanga ana ukumbi mzima wa watu wenye vidude masikioni wa kumkumbusha mambo. Mama alikuwa na mimi, kwenye kigoda, moshi machoni.

Akatia chumvi. Akakoroga. Akabishana na jirani juu ya vitunguu. Mkono ukarudi kwenye chumvi. Nikakohoa. Mkono ukachota. Nikakohoa kama mtu wa kulazwa.

"Mwandishi anatuachia msiba," shangazi akasema. "Mtoeni nje."

Mama akanitazama, ngumi imejaa chumvi. Niliona wazi hakumbuki kwa nini nakohoa. Lakini mimi alinijua. Akafungua vidole taratibu, chumvi ikarudi bakulini.

Shangazi alikula sahani ya kwanza akitafuta kosa. Ya pili alikula tu.

Jioni mama akaniletea chai ya tangawizi. "Ya hicho kikohozi chako," akasema. Baada ya muda mfupi akaniletea nyingine, kwa maneno yale yale.

Nikanywa zote mbili.