Sahani ya Mwanaheri na Paja la Bwana Filipoti

Bwana Filipoti wa Msasani alikuwa na nyumba kubwa, mbwa wawili na mpishi mmoja. Mbwa walilala katika chumba cha boi, kwa kuwa wakilala nje hukohoa. Mpishi alipanga chumba Temeke na kuendesha baiskeli asubuhi na jioni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akikohoa.

Jina lake Apolinari, Mhaya, Mkatoliki, mtu wa makamo mwenye kitambi kidogo ambacho watu wasiomjua walikidhania cheo. Mkewe, Kokushubila, alikwenda Bukoba kumuuguza mama yake. Mama akapona, Kokushubila asirudi. Apolinari akiulizwa hujibu, "Yuko njiani." Kweli safari ile ni ya meli na garimoshi, lakini hata kobe angekuwa amekwisha fika na kuzaa.

Nyumba aliyopanga ilikuwa ya Bi Mwanaheri, mjane wa pwani, mwenye sauti ya kuita kuku wa mtaa mzima. Wapangaji wote walikuwa Waislamu isipokuwa Apolinari na kijana mmoja Mpare, Elinaza, karani wa ghala. Ungedhani Wakristo hawa wawili wangeshikamana. Lakini Elinaza alikuwa Msabato. Yeye alisali Jumamosi na mwenzake Jumapili. Hata Mungu walimtembelea kwa zamu, kama wagonjwa wasiotaka kukutana kwa daktari.

Mwaka ule wa hamsini na tatu, siku ya Idi Kubwa, Bi Mwanaheri alimpelekea Apolinari pilau katika sahani ya bati yenye mawaridi mekundu, imefunikwa kawa. Apolinari aliila amesimama, kwa furaha. Kisha akaiosha sahani, akaiangalia, na hapo ndipo shida ilipoanza.

Sahani katika nyumba ile haikurudi tupu. Ilikuja na pilau, ikarudi na maandazi. Ikaja na maandazi, ikarudi na embe. Ukikosa kabisa, unatia sukari konzi moja na maneno mazuri. Apolinari alilijua hilo. Lakini mtu anayepika mchana kutwa kwa wenzake, nyumbani kwake huwa na birika tu. Na kulipa pilau ile kwa sukari konzi moja, yeye mpishi mzima, aliona ni kujitukana. Akaamua kungoja Krismasi. Akaiweka sahani juu ya sanduku lake la nguo, pale Kokushubila alipokuwa akiweka kioo.

Bi Mwanaheri hakudai. Ila sahani nyingine ziliendelea kutembea ukumbini, chumba hadi chumba, na zikifika mlango wa Apolinari zinapita. Jioni alilala kitandani akisikiliza ndara za watu na kubahatisha harufu: leo kisamvu, leo samaki wa kupaka. Hakuna aliyemnunia. Walimsalimia vizuri sana, kama anavyosalimiwa mgeni.

Sasa tuje kwenye paja. Kila Krismasi Bwana Filipoti aliletewa kutoka Kenya paja zima la nguruwe, limekaushwa kwa chumvi na moshi, limeshonewa gunia kama maiti ya heshima. Na kila Krismasi Apolinari aliamriwa alivishe nanasi, alipake sukari guru, alichomeke karafuu kila mahali, mpaka linatoka ovenini limepambwa kama bi harusi asiye na mama wa kumzuia. Apolinari aliona haya kwa niaba ya nyama. Kula nyama kwa jemu, alisema moyoni, na hawa ndio waliokuja kutustaarabisha.

Mwaka ule daktari alimkataza Bwana Filipoti sukari. Bwana aliitangaza habari hiyo kwa sauti ya msiba. Apolinari aliinamisha kichwa kama inavyopasa, akaenda nyuma ya jiko akacheka.

Alikwenda kwa Sultanali, Mhindi wa duka la viungo Kariakoo, akanunua haradali, pilipili manga, bizari nzima, tangawizi na kitunguu saumu.

"Hii yote kwa nyama gani?" Sultanali akauliza.

"Nyama ya mzungu wangu."

Sultanali akamtazama, akatazama mzani. "Basi, usiniambie," akasema, akafunga karatasi haraka.

Apolinari aliliacha paja ndani ya maji usiku kucha litoe chumvi, akalichemsha polepole pamoja na bizari na maganda ya ndimu, akalivua ngozi na kuchanja mafuta yake miraba miraba. Haradali aliitwanga mwenyewe kwa siki, saumu na tangawizi, akaipaka mpaka ndani ya michanjo, akamalizia kwa pilipili manga iliyopondwa ikabaki na meno. Hakutia hata chembe ya utamu. Lilipoingia ovenini hata mbwa waliacha kukohoa.

Na kando yake, katika oveni hiyo hiyo, aliweka kuku wa kurudishia sahani ya Bi Mwanaheri.

Kuku yule alilelewa kama mwali. Mkesha wa Krismasi Apolinari alimpeleka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani, akachinjwa kwa bismillahi. Alimnunulia sinia jipya ili asiguse chombo kilichogusa haramu. Alimpaka viungo vile vile, kutoka bakuli lake peke yake. Alipomaliza alijipongeza: hapa hata kadhi hapati pa kutia kidole.

Saa saba Bwana Filipoti alikula. Meza iliandaliwa ya watu sita. Wawili waliugua ghafla, na waliosalia waliugua kwa simu. Bwana alivaa kofia yake ya karatasi nyekundu akakaa peke yake, mbwa huku na huku. Alikula, akajiongezea. Mwishowe akasema, "Apolinari, miaka yote hii kwa nini hukunipikia hivi?"

"Bwana hakuuliza."

Bwana alitaka kuendelea na mazungumzo, ila hakuyajua yanaendeleaje. Apolinari naye aliiona ile kofia ya karatasi, akamhurumia kidogo, kisha akakumbuka ana mahali pa kwenda. Akamfunga kuku ndani ya kitambaa safi, akapanda baiskeli.

Temeke alifika alasiri. Alimpanga kuku juu ya mawaridi ya ile sahani, akamzungushia ndimu, akamfunika kawa, akatoka ukumbini amevaa shati la kanisani. Bi Mwanaheri alikuwa mkekani na wapangaji wenzake. Elinaza yupo kizingitini kwake, anasoma.

"Shikamoo, Bi Mwanaheri. Sahani yako imechelewa."

"Marahaba, mwanangu Polinari. Mie nikajua umeshaiposa." Watu wakacheka. Bi Mwanaheri akafunua kawa, na kicheko kikakatika, kwa maana kuku alikuwa aking'aa kama kitasa cha benki. "Sogeeni. Na wewe Polinari kaa hapa. Kaa, usisimame kama askari."

Apolinari akakaa mkekani. Goti lake liligusana na la mtu, na hakulisogeza.

Bi Mwanaheri alinyofoa paja la kuku, akaligeuza machoni. "Sasa nieleze. Kuku wa kuoka huwa mkavu kama kuni. Huyu umemfanya nini?"

Hakuna mpishi aliyeumbwa akaweza kulikwepa swali hilo. Apolinari akajikohoza. "Kwanza haradali, mama, uitwange na siki. Halafu saumu, tangawizi, pilipili manga usiisage sana. Unampaka mpaka chini ya ngozi. Siri yenyewe iko kwenye oveni: kila ukifungua, unachota kijiko cha mafuta yale ya..."

Akautazama mkono wake wa kulia.

Ulikuwa hewani ukionyesha: unachota huku, unamwagia huku. Mkono huo ulikuwa umechota hivyo miaka yote bila kumuuliza mwenyewe. Sinia jipya, kisu cha mwalimu, bakuli la peke yake, na mkono ukaenda zake kwenye mafuta matamu kuliko yote ovenini.

"Mafuta ya nini?" akauliza Bi Mwanaheri. Paja lilikuwa limefika karibu na kidevu.

Neno lilikuwepo. Samli. Neno dogo, safi, na wangemuamini. Wangekula, wangemsifu, na kesho sahani ingekuja na kitu. Bwana Filipoti asingetoka Msasani kuja kutoa ushahidi. Apolinari alilionja neno lile mdomoni.

"Ya nguruwe," akasema. "Msile, mama. Nimekosea."

Bi Mwanaheri aliliweka paja polepole. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza. Mmoja aliondoka kunawa, wa pili akamfuata. Elinaza, kutoka kizingitini, akasema kwa upole wa karani, "Hata sisi Wasabato nguruwe hatumgusi, kaka. Ningekusaidia kumla."

"Mwanangu, umesema," Bi Mwanaheri akasema hatimaye. "Wengine wasingesema. Mchukue kuku wako. Sahani niachie."

Apolinari alimla kuku chumbani, mlango umefungwa. Alikuwa mtamu mno, na utamu huo haukuwa na wa kuambiwa. Nje aliisikia sahani ikioshwa: maji, kisha mchanga ukikwaruza bati, kisha maji tena, na tena, mpaka mara saba zikatimia, kama sheria isemavyo kwa najisi ya nguruwe.

Idi iliyofuata alivaa shati lake akakaa, masikio ukumbini. Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Mwanaheri mwenyewe na pilau ya moto, nyingi, imefungwa katika jani la mgomba.

"Nimekutilia kwenye jani," akasema, "usije ukahangaika kurudisha."

"Asante, mama."

Alilifungua jani sakafuni. Kwao Bukoba chakula humwagwa juu ya jani kama lile, na nyumba nzima hulizunguka, mikono ikigongana. Apolinari alilikunjua mpaka mwisho wake, likajaa chumba. Akakaa upande mmoja, akala upande wake, akauacha ule mwingine mpaka ukapoa.