Sufuria Iliyobaki Peckham

Nimesoma mpaka darasa la nne, tena skuli ya Unguja ya wakati ule, na nusu ya siku nilikuwa nyumbani nalea wadogo zangu. Nalisema hili mwanzo ili asije mtu akanisahihisha baadaye. Tulipoondoka baada ya mapinduzi nilikuwa msichana, na hatukubeba vitabu. London nimefagia eapoti ya ndege, nikipanda basi la alfajiri kutoka Hounslow. Nimeosha vyombo vya watu, nimekaanga sambusa mpaka nikawa na kibanda changu mwenyewe Wembley, na hicho kibanda hakuna aliyenipa. Lakini kazi niliyoionea fahari kuliko zote ni ile ya Jumanne jioni, kwenye ukumbi wa mtaa ulio nyuma ya kibanda: kuwafundisha Waingereza Kiswahili.

Aliyenipa kazi hiyo ni meneja wa ukumbi, mama wa Kiingereza mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Siku moja alinikuta nikigombana na muuza nyama wa Mombasa juu ya mifupa aliyonitilia kwenye nyama. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza hiyo ni lugha gani na kama naweza kuifundisha. Nikamwambia sina cheti. Akasema na ukumbi hauna uwezo wa kumlipa mwenye cheti. Tukaelewana.

Kitabu sikuwa nacho. Nilifundisha kwa kutembeleana. Kila Jumanne mmoja anakuwa mwenyeji, anakaa ndani na birika la chai, na wengine nawatoa ukoridoni kwenye baridi wapige hodi. Asiyepiga hodi haingii. Akishaingia aulizwe hali yake, ya watu wake, ya kazi, ya njiani, ndipo apewe kikombe. Alikuwapo mzee mmoja, mstaafu wa posta, mkwewe ametoka Arusha, akilalamika kuwa magoti yake yatamfia ukoridoni kabla hajajua chai inaitwaje. Nilimwambia afe kwa adabu. Niliwafundisha kumpa pole mgonjwa na kumpa pole aliyefiwa, na kwamba anayepewa pole anajibu nishapoa, hata kama hajapoa. Niliwafundisha pia kuwa chombo cha mtu kikija kwako na chakula hakirudi kitupu. Kama huna kitu, tia hata chumvi. Anayerudisha chombo kitupu anakwambia usije tena.

Kutoka saa ile naingia mpaka natoka, walikuwa wakiniita Mwalimu. Nje ya mlango ule mimi ni mama wa sambusa.

Aliyeongoza darasani alikuwa muuguzi mmoja wa Peckham, umri wake kama binti yangu. Alikuwa ameshapata kazi hospitali ya Pemba, aondoke muhula ukimalizika. Huyo nilimkamia. Nilitaka afike Pemba watu wamuulize, nani kakufundisha wewe?

Jumanne moja hakuja, na iliyofuata hakuja. Nikauliza. Mstaafu wa posta akanijibu kwa sauti ya chini, kama chumba cha pili kuna mtoto kalala, kwamba mama wa muuguzi amefariki, wiki ya pili sasa, na hawajazika bado. Nikauliza wao wamefanya nini. Wakatazamana. Walikuwa wamempelekea kadi ya maua, wametia saini wote. Na mimi walikuwa wamenitilia.

"Mwalimu," akasema yule mzee, "kwetu mtu aliyefiwa anaachwa. Akitaka watu, ataita."

"Aliyefiwa atapata wapi nguvu ya kukuita wewe?"

Nikawaambia Jumapili tunakwenda, na anayejua nyumba atatuongoza. Mzee ndiye aliyejua, maana aliwahi kumpeleka kwa gari lake siku ya mvua.

Binti yangu, aliyezaliwa hapa, alinikuta jikoni Jumapili asubuhi. Kiswahili anakisikia chote, ila jibu lake ni Kiingereza siku zote. Alisema siwezi kwenda nyumbani kwa Mwingereza bila kupiga simu, tena nyumba ya msiba. Nikamwambia anipishe nichuje nazi. Nilipika wali wa nazi na kuku wa mchuzi mzito juu yake, kwenye sufuria yangu kubwa, nikaifunga kwa kanga. Tukapanda treni sisi wanne, mimi, mzee na wanafunzi wawili waliokubali, na nikaipakata njia nzima.

Lifti ya lile jengo ilikuwa mbovu. Tukapanda ngazi. Nikapiga hodi.

Mlango ulifunguka mpaka mwisho wa mnyororo. Muuguzi alikuwa amevaa koti juu ya nguo za kulalia, na nyuma yake taa zote zimezimwa. Alitutazama mmoja mmoja. Akauliza kwa Kiingereza nani katupa anwani. Mzee akaangalia viatu vyake. Hapo nikasema maneno ya kumpa pole, yote, kama yanavyosemwa, na sauti yangu ikajaa ngazi nzima. Mlango wa jirani ukafunguka, bwana mmoja akachungulia, akatudhania wahubiri, akasema ameshaokoka, asante, akafunga.

Hakuna aliyecheka.

"Mwalimu," muuguzi akasema, "leo sitaki mtu."

"Si lazima utake. Tutakaa tu. Hutatuambia neno."

"Sitaki mkae."

Nikasikia wale wawili nyuma yangu wanashuka ngazi moja. Mguu wangu ulikuwa kizingitini. Sikuuweka kwa makusudi, wala sikuuondoa. Akautazama ule mguu.

"Toa mguu," akasema.

Nikautoa. Mlango ukafungwa.

Basi nikaweka sufuria chini mbele ya mlango, nikakaa kwenye ngazi. Mzee akaninong'oneza twende zetu. Sikwenda. Kwetu aliyefiwa hutukana, hufukuza watu, na watu hubaki hapo hapo mpaka anyamaze. Ila huyu alikuwa ameshanyamaza. Nilitega sikio nisikie kilio, nisikie hata kiti kikiburutwa, sikusikia kitu. Msiba wa kimya namna ile sijawahi kukaa nao, na ulinitia hofu kuliko kelele. Hata sauti yake ilipotoka nyuma ya mlango haikupanda. Alisema, kwa Kiingereza, kwamba tusipoondoka anaita polisi.

Tukaondoka. Sufuria ikabaki.

Kesho yake meneja alikuja kibandani, hakununua kitu. Muuguzi alikuwa amempigia simu. Hajaleta malalamiko rasmi bado, akasema, lakini anafikiria, na akiyaleta hakuna njia: darasa linafungwa na mimi sitafundisha tena ukumbini kwake. Alinishauri nimwombe radhi mapema. Nikamwambia siombi radhi kwa kumpa mtu pole.

"Basi ngoja," akasema.

Nikangoja. Fagio la eapoti wangeweza kuninyang'anya, na masinki ya vyombo, nisingejali. Lakini lile neno Mwalimu nililipata nikiwa na nywele nyeupe, na sasa lilikuwa mkononi mwa mtu aliyejifungia Peckham gizani. Jumanne nilifundisha kwenda sokoni. Mlango wa nje ukilia, najua ni meneja. Wanafunzi walijibu kwa adabu kupita kiasi, kama watu walioko wodini. Yule mzee hakutania hata mara moja.

Nyumbani binti yangu naye hakuniacha. Aliniuliza, alipokufa baba yake na nyumba ikajaa wanawake mpaka jikoni, je, mimi niliwataka? Nikamjibu ndiyo, ningekufa bila wao. Halafu nikakumbuka choo. Nilijifungia chooni siku ile, nikakaa juu ya kifuniko, nipate pumzi mbili za peke yangu, na wao wakigonga mlango wananiita kwa jina. Nilitamani waondoke wote. Sikumwambia binti yangu. Sijutii kwenda Peckham mpaka leo. Lakini usiku ule niliosha tena vyombo vilivyokuwa safi.

Jumanne nyingine tulikuwa wote ndani, zamu ya mwenyeji ni ya mzee, kashaweka birika mezani. Nilikuwa bado sijamtoa mtu ukoridoni. Tukasikia kutoka nje:

"Hodi."

Mzee alinitazama mimi. Yeye ndiye mwenyeji, karibu ni yake, lakini akaniachia mimi. Kupitia kioo cha mlango nilimwona meneja kasimama nyuma, miwani kaivaa puani.

"Karibu," nikasema.

Muuguzi akaingia amebeba sufuria yangu kwa mikono miwili, na kanga yangu imefuliwa, imepigwa pasi, imefungwa vilevile nilivyoifunga. Akaiweka mezani. Meneja akabaki mlangoni. Sufuria ile hata tupu ni nzito, kwa hiyo kwa kuitazama inavyobebwa huwezi kujua kama ina kitu. Na kama ni tupu, yeye alijua maana yake kama ninavyojua mimi, maana nilimfundisha mwenyewe, kwenye meza ile ile.

Fundo lilinishinda mara ya kwanza. Nikafungua, nikainua kifuniko.

Viazi mbatata. Vya kuchimbwa, bado vina udongo.

"Vya mama," akasema. "Alipanda mwenyewe, bustanini kwake. Nimechimba jana, baada ya kuzika."

Nikachukua kimoja nikakishika. Udongo wake ulikuwa mbichi, ukanibaki vidoleni.

"Chakula chako nilikula," akaendelea, pole pole, anatafuta kila neno. "Nilikula jikoni, nimesimama, bila sahani. Lakini bado nina hasira na wewe, Mwalimu."

"Kasirika," nikamwambia. "Kaa chini."

Meneja, asiyejua tumesema nini, aliuliza kwa Kiingereza kama kila kitu ni salama. Muuguzi alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akamjibu kwamba amechelewa darasani tu. Akavuta kiti. Meneja alisimama kidogo, kisha akavua miwani yake akaenda zake.

Mzee alimmiminia chai, akaanza kumuuliza hali, ya kazi, ya njiani. Alipofika kwenye watu wa nyumbani akakwama. Akaweka birika chini.

"Pole," akasema.

Darasa zima tulijua jibu lake. Muuguzi alikishika kikombe kwa viganja viwili, akakitazama.

"Bado," akasema.

Sikumsahihisha.